Kiingereza mkoani Mara: Kukariri kunampitisha mwanafunzi, hakumpi lugha

NOVEMBA 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa tamko ambalo historia inalikumbuka kwa jina la Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa jambo moja, nalo ni uamuzi wa kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo mwaka 1977.

Lakini lilikuwapo jambo la pili ambalo halitajwi mara nyingi. Azimio hilo lilipinga mtindo wa kuipa mitihani ya maandishi uzito uliopita kiasi, likataka kazi za kila siku za mwanafunzi na mwenendo wake navyo vihesabiwe katika kumpima.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu wakati huo. Katika mji uleule wa Musoma, na katika wilaya jirani za Bunda na Butiama, mtihani bado unaamua mambo mawili kwa mpigo: nani aendelee na masomo, na mwanafunzi ajifunze kwa namna gani. Hakuna somo ambalo athari ya jambo hilo la pili inaonekana wazi kuliko Kiingereza.

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, lawama hugawanywa kwa walimu, wazazi, Serikali na wanafunzi wenyewe, ambao huambiwa kuwa ni wavivu au kwamba hawana kipaji cha lugha. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: mwanafunzi huyo anaposhika daftari lake la Kiingereza jioni, hasa huwa anafanya nini?

Stadi wa lugha kabla ya shule

Hoja ya kipaji haina mashiko katika mkoa wa Mara. Ni mikoa michache nchini yenye lugha nyingi zilizosongamana katika eneo dogo kama hili. Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kikabwa, Kiikizu, Kisizaki, Kinata, Kiikoma, Kingoreme na Kikurya ni baadhi tu ya lugha za Kibantu zinazozungumzwa humo, mbali na Kiluo, ambacho ni cha jamii nyingine kabisa ya lugha.

Mtoto anayekulia Butiama husikia Kizanaki kwa bibi yake, Kiswahili dukani na shuleni, na pengine Kijita au Kikurya kwa majirani. Katika Manispaa ya Musoma, mchuuzi wa samaki hubadili lugha kulingana na mteja aliyesimama mbele yake, na hakuna anayeona ajabu.

Watu hawa hawakupewa orodha ya maneno ya kukariri. Walisikiliza, wakabahatisha, wakachekwa, wakasahihishwa na kujaribu tena. Waliposahau neno waliliendea kwa njia ya mzunguko, ama kwa kueleza kitu chenyewe au kwa kuonyesha kwa mkono. Wasipoelewa waliuliza.

Hizo zote ni mbinu za kujifunza lugha, hata kama wenyewe hawaziiti hivyo. Kitendawili ni kwamba mtoto huyohuyo, akishaingia darasani kujifunza Kiingereza, huziacha mlangoni.

Daraja linalokatika kidato cha kwanza

Sababu ya kwanza iko katika mfumo wenyewe. Kwa sera iliyofuata Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua njia ya kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini toleo lake la mwaka 2023 limebakiza Kiingereza katika sekondari.

Mwanafunzi aliyesoma Sayansi kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi hujikuta, ndani ya wiki chache, akisoma Baiolojia, Fizikia na Jiografia kwa lugha ambayo kwake ilikuwa somo moja tu miongoni mwa masomo. Hutolewa mafunzo ya awali ya Kiingereza ya wiki kadhaa kwa wanaoanza kidato cha kwanza, lakini wiki kadhaa haziwezi kufanya kazi ya miaka.

Matokeo yake yamekwisha kuelezwa na wataalamu wengi. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Miaka miwili baadaye, Clive Criper na Bill Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi nchini na kukuta kuwa wengi wa sekondari hawakuwa na uwezo wa kutosha kufuata masomo kwa lugha hiyo. Mwaka 1997, Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima kuhusu mgogoro huo wa lugha katika elimu ya Tanzania.

Linalotokea darasani linafahamika kwa kila aliyepita shule za sekondari. Mwalimu hueleza kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza ili mtihani upate kujibiwa. Mwanafunzi huelewa kwa lugha moja na kunakili kwa nyingine. Jioni hubaki na daftari lenye sentensi nzuri ambazo hakuzitunga na asizoweza kuzibadili hata neno moja.

Afanye nini? Hukariri. Hapa ndipo lawama ya uvivu inapoanguka. Anayekariri kurasa 40 za daftari si mvivu, kwani hiyo ni kazi nzito. Kukariri nako ni mbinu ya kujifunza, na kwa mwanafunzi anayepimwa kwa lugha asiyoimudu, ndiyo mbinu ya busara kuliko zote. Humsaidia kupita, lakini haimpi lugha.

Utafiti unasema nini

Uchunguzi wa mbinu za kujifunza lugha ya kigeni ulipata nguvu katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1975, Joan Rubin aliuliza swali rahisi: wale wanaofaulu kujifunza lugha hufanya nini ambacho wengine hawafanyi? Aliona kuwa wao hubahatisha maana kwa makini, hutafuta kila nafasi ya kuzungumza, hawaogopi kukosea, na huchunguza makosa yao na ya wengine.

Mwaka 1990, Rebecca Oxford alizipanga mbinu hizo katika makundi sita. Zipo za kutunza maneno katika kumbukumbu, na zipo za kuichambua na kuitumia lugha. Kundi la tatu ni la kuziba mapengo, kama kubahatisha maana au kueleza kwa maneno mengine. La nne ni la kupanga na kukagua masomo yako mwenyewe. Mawili ya mwisho ni kuitawala hofu na kujifunza kwa kushirikiana na wengine.

Ukiziweka mbinu hizo karibu na darasa la kawaida la sekondari, utaona kuwa shule hutumia sehemu ya kundi la kwanza tu, na kuyaacha matano yaliyobaki. Mchuuzi wa samaki wa Musoma hutumia karibu yote.

Hata kumbukumbu yenyewe hutumiwa vibaya. Majaribio ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa anayesoma na kisha kujipima bila kutazama hukumbuka zaidi baada ya siku kadhaa kuliko anayerudia kusoma tu. Aidha, imethibitika kwa muda mrefu kuwa marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hudumu kuliko yaliyorundikwa usiku mmoja.

Kwa lugha nyepesi, mwanafunzi wa Bunda anayejifunza maneno 10 kila siku, akiyaficha na kujiuliza maana yake, kisha kuyarudia baada ya siku mbili na baada ya wiki, atakuwa na hazina kubwa kuliko jirani yake anayesoma maneno 70 usiku wa kuamkia mtihani. Kazi ni ileile, tofauti ni mpangilio.

Mfano wa kuziba pengo ni neno "fisherman". Mwanafunzi wa kando ya Ziwa Victoria anayejua "fish" na "man" hahitaji kamusi ili ajue kuwa ni mvuvi. Akikutana na "unable", "unknown" na "unhappy" katika ukurasa mmoja, anaweza kugundua mwenyewe kazi ya silabi ile ya mwanzo. Mtoto aliyezoea lugha za Kibantu hana ugeni na jambo hilo, kwani kwake silabi ya mwanzo ya neno mara nyingi ina maana: mvuvi, wavuvi, uvuvi. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia kuwa ujuzi huo wa nyumbani unafaa hata hapa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Tafiti nyingi zinazoonyesha kuwa wenye Kiingereza kizuri hutumia mbinu nyingi hazithibitishi kuwa mbinu ndizo zilizowapa Kiingereza hicho. Yawezekana pia kuwa anayeimudu lugha hupata nafasi zaidi ya kutumia mbinu. Asiye na neno hata moja hawezi kubahatisha maana ya jirani yake.

Ndiyo maana matokeo ya kufundisha mbinu zenyewe yana uzito zaidi. Mwaka 2011, Luke Plonsky alikusanya na kulinganisha tafiti kadhaa za namna hiyo kutoka nchi mbalimbali. Alikuta kuwa mafunzo ya mbinu husaidia kwa kiasi, si kwa miujiza, na kwamba yale yanayodumu kwa muda mrefu husaidia zaidi. Semina ya siku moja haitoshi.

Kutoka Butiama hadi Mwisenge

Mkoa wa Mara una mfano wake mkubwa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika nyumba ya Kizanaki. Mwaka 1934 alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, baadaye Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Edinburgh alikopata shahada mwaka 1952.

Mtu huyo aliyeanza Kiswahili akiwa na miaka 12 na Kiingereza baada ya hapo, ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. "Julius Caesar" ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" ikafuata mwaka 1969.

Ni rahisi kusema kwamba Mwalimu alikuwa mtu wa pekee, na ni kweli. Vilevile, shule za wakoloni zilichukua watoto wachache mno, zikawaweka bwenini na kuwapa walimu na vitabu ambavyo shule ya kata ya leo haiwezi kuviota. Hakuna anayeweza kudai kila mwanafunzi wa Butiama atafsiri Shakespeare.

Lakini kazi ya tafsiri ina somo kwa kila mwanafunzi. Anayetafsiri hawezi kukariri. Kila sentensi humlazimisha kuuliza: hili lina maana gani hasa, na kwa lugha yangu ningelisemaje? Ni zoezi la kuichambua lugha ya kigeni kwa kutumia lugha unayoimudu, na halihitaji mtambo wala umeme.

Katika shule nyingi, zoezi hilo huonekana kama kosa. Zipo ambazo humwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili au lugha ya nyumbani, zikiamini kuwa kukifukuza Kiswahili ni kukikaribisha Kiingereza. Adhabu hiyo huzaa ukimya, na aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Hofu, ambayo Oxford aliipa kundi lake, huwa imekwisha kushinda.

Musoma ina ushahidi mwingine, wa upande wa pili. Makoko, nje kidogo ya mji, wamisionari wa Maryknoll waliendesha shule ya kuwafundisha wageni Kiswahili kuanzia miaka ya 1960. Waliosoma huko walikuwa watu wazima, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kigeni kabisa. Lengo lilikuwa waweze kuzungumza na wananchi watakaoishi nao.

Yaani katika mji mmoja, lugha ya kigeni imefundishwa kwa malengo mawili tofauti. Mgeni alijifunza Kiswahili ili akitumie kesho yake. Mwenyeji anajifunza Kiingereza ili ajibu mtihani baada ya miaka minne. Lengo ndilo lililochagua mbinu katika kila upande.

Mbinu bila vitabu ni ufundi bila mbao

Ipo hatari ya kulifanya suala la mbinu kuwa njia mpya ya kumlaumu mwanafunzi. Asiyepata cha kusoma hawezi kufundishwa mbinu za kusoma.

Utafiti wa Hu Hsueh-chao na Paul Nation wa mwaka 2000 uliashiria kuwa msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno sita tu yasiyojulikana. Akiwa hajui neno moja katika kila kumi, ukurasa huohuo una maneno magumu 30. Hapo hakuna kubahatisha, kuna kukata tamaa. Vitabu vingi vya masomo vya kidato cha kwanza humweka mwanafunzi katika hali hiyo ya pili.

Dawa yake inajulikana, nayo ni vitabu vingi vya Kiingereza chepesi, vya hadithi, vinavyopanda ngazi taratibu. Huko Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walionyesha mwaka 1983 kuwa shule za vijijini zilizomwagiwa vitabu vya hadithi zilipiga hatua ya haraka katika Kiingereza kuliko zilizoendelea na mazoezi ya kawaida.

Tanzania nayo ilijaribu. Kuanzia mwaka 1987, mradi wa kuimarisha Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza ulipeleka vitabu vya namna hiyo katika shule za sekondari. Lakini mradi una mwisho, shule haina. Tangu hapo zimejengwa shule za kata kwa wingi, na idadi ya wanafunzi ikapanuka kuliko rafu za vitabu.

Gharama ya kukariri

Wapo watakaosema kuwa huu ni mjadala wa wasomi. Sivyo. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kwenye barabara ya Mwanza hadi Musoma, na nyumba na kaburi la Mwalimu Butiama huvuta wageni wa ndani na nje. Kijana wa Bunda anayetaka kuongoza watalii haulizwi kanuni za sarufi. Huulizwa maswali ambayo hayakuwamo katika daftari, na hutakiwa kujibu papo hapo.

Aliyekariri hunyamaza, na nafasi huchukuliwa na mwingine. Hali ni hiyohiyo kwa muuguzi anayesoma maelezo ya dawa, fundi anayefuata mwongozo wa mashine, na mwanafunzi anayefika chuo kikuu akiwa hawezi kufupisha ukurasa mmoja kwa maneno yake.

Hasara kubwa zaidi hutokea kimyakimya darasani. Mtoto ambaye angeelewa Fizikia hufeli Fizikia kwa sababu ya lugha, na kuondoka akiamini kuwa hana akili. Hakuna takwimu inayohesabu imani hiyo, lakini huishi nayo maisha yake yote.

Pa kuanzia

Mjadala wa lugha ya kufundishia utaendelea, na una haki ya kuendelea. Lakini upande wowote ukishinda, Kiingereza bado kitahitaji kufundishwa vizuri, na yapo mambo yasiyongoja mjadala huo uishe.

La kwanza ni mtihani. Kwa muda mrefu, mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa maandishi peke yake. Kisichopimwa hakifundishwi. Iwapo Baraza la Mitihani litapima pia kusikiliza na kuzungumza, na kutoa maswali yanayomtaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake, mbinu zitabadilika bila kuhubiriwa.

La pili ni walimu. Vyuo vya ualimu, kikiwamo cha Bunda, vina nafasi ya kumfundisha mwalimu mtarajiwa si Kiingereza tu bali namna ya kumfundisha mtoto kujifunza Kiingereza. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unamfikishia mtoto lugha hiyo tangu darasa la kwanza. Ikiwa miaka hiyo iliyoongezwa itatumika kuimba na kukariri peke yake, itakuwa imeongezwa bure.

La tatu ni zile wiki za mwanzo za kidato cha kwanza. Badala ya kujaribu kumpa mwanafunzi Kiingereza chote kwa mkupuo, zingemfundisha mambo machache atakayoyatumia kwa miaka minne: kutumia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kuweka daftari la maneno na kujipima nalo, kubahatisha maana kabla ya kuuliza, na kufupisha kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza.

La nne ni robo saa ya kusoma hadithi kila siku. Halmashauri isiyoweza kuijengea kila shule maktaba inaweza kununua masanduku ya vitabu vyepesi na kuyazungusha kutoka shule moja hadi nyingine.

Hakuna lolote kati ya hayo lililo geni kwa Musoma. Viongozi waliokutana hapo mwaka 1974 walikwisha kuona kuwa shule inayoishi kwa ajili ya mtihani haiwezi kumjenga mtu anayejitegemea. Mwanafunzi anayekariri hutegemea daftari lake, na siku ya kuondoka shuleni daftari hubaki nyuma.